Joto la Bomba Namba Nne

Tangu nirudi kutoka Kigoma mmenipigia simu mmoja mmoja: kulikoni, mbona umekonda, mbona umekuwa kimya kwenye kundi. Nimekuwa nikiwajibu "safari tu, jamani." Haikuwa safari tu. Nimeona niandike mara moja, nyote msome, na asiyeridhika ndiye anipigie. Habari za vibali na tiketi nazipita, maana hazina utamu, na nikizianza nitatukana.

Kwa wale ambao hadi leo hamjui ninafanya kazi gani: ninatumwa kwenda kuangalia kama mradi uliotumia fedha za umma umefanya ulichosema utafanya. Nimetathmini visima, vyoo vya shule, na josho la ng'ombe ambalo ndani yake nilikuta mtu amepanda mchicha. Safari hii ilikuwa ni mradi wa kutafuta jotoardhi kando ya Ziwa Tanganyika, yaani kupima ardhini kama kuna joto la kutosha kuzalishia umeme. Ripoti ya mradi wenyewe ilisema wamefaulu. Mimi nilitakiwa kwenda kuona kwa macho yangu, niseme ndiyo au hapana, nirudi. Niliwaambia ni wiki moja. Mnajua wenyewe nilirudi lini.

Dodoma hadi Kigoma

Treni ilikwenda vizuri mpaka tukaipita Tabora, halafu ikasimama porini. Ilisimama tangu asubuhi hadi jua la saa tisa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Watu walishuka, wakakoka moto, wakapika chai kando ya reli kama wako kwao. Mimi nilibaki ndani nimenuna. Nilikuwa na biskuti na chupa moja ya maji, maandalizi ya mtu mjinga.

Aliyeniokoa ni Bi Mwamini, mama wa makamo wa Ujiji, mfanyabiashara wa mawese na vitenge. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, na yeye mwenyewe anasema ana ndugu pande zote mbili kiasi kwamba hajui msiba uanzie wapi. Alifungua kapu lake akanitolea mayai ya kuchemsha, chapati na dagaa wa kukaanga, akasema, "Kula dada, uso umekuwa kama wa mtu anayedai." Nikala. Kisha akaniuliza ninakwenda kufanya nini, nikamweleza habari za joto la ardhini.

"Mnataka kuchimba mpaka mfike kwenye moto?"

"Si moto, Bi Mwamini. Joto."

"Na ziwa likiingia humo kwenye joto?"

Nilicheka. Nilibadilisha mazungumzo nikamwuliza habari za mawese, na hapo hakunyamaza tena mpaka treni ilipoondoka. Alinieleza jinsi chikichi zinavyochemshwa kwenye pipa hadi zilainike, zikatwangwa, zikakamuliwa, na kwamba mawese mazuri kuliko yote yanatoka vijiji vya kusini mwa ziwa, kwa sababu wanawake wa kule hawana haraka. Nilisikiliza kwa sikio moja. Leo natamani ningesikiliza kwa yote mawili.

Kigoma mjini

Mhandisi wa mradi, kijana mpole aitwaye Deo, alinipokea ofisini kwao na kunionyesha kila kitu kwenye kompyuta. Walichimba mashimo mafupi katika vijiji vya pwani ya ziwa, wakaweka bomba la chuma kwenye kila shimo. Bomba linajazwa maji, kipimajoto kinashushwa ndani kwa waya, na mwanakijiji mmoja aliyefundishwa anasoma na kuandika kwenye daftari mara moja kwa wiki. Kila robo mwaka madaftari yanaletwa mjini, namba zinaingizwa kwenye kompyuta, kisha yanarudishwa.

Mabomba yote yalikuwa baridi, yaani baridi kwa macho ya wataalamu. Moja tu, namba nne, lilikuwa na joto la ajabu. Mstari wake ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Mbona linapanda na kushuka?" niliuliza.

"Mwamba unapumua," Deo alisema, kwa upole wa mtu anayezungumzia mtoto wake.

Akanieleza yaliyobaki. Ikiwa mimi nitathibitisha kwamba mradi umefaulu, mitambo ya kuchimba kisima kirefu italetwa pale namba nne. Kijiji kile kimeahidiwa umeme kwanza. Tatizo dogo, alisema, ni kwamba bomba lipo katikati ya shamba la michikichi la mjane mmoja, Mama Nyabenda. Michikichi yote itakatwa kupisha mitambo, na tayari imepakwa rangi nyekundu. "Lakini mama mwenyewe ndiye msomaji wetu," Deo aliongeza. "Ndiye bora kuliko wote. Hajakosa wiki hata moja."

Niliuliza kama mama ana shamba jingine. Hana. Nikaandika hilo kwenye daftari langu, nikageuza ukurasa. Nasema ukweli, wakati ule sikushtuka. Katika kazi yetu daima kuna mtu ambaye shamba lake lipo mahali pabaya.

Siku hiyo nilikula kwa Bi Mwamini, mtaa wa Buzebazeba, Ujiji. Alinipikia samaki aina ya mgebuka kwa mawese, ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Nilikula mpaka nikaona aibu. Boti ya mradi, nikaambiwa kwa simu nikiwa bado nanawa mikono, imeharibika injini. Deo alikuwa ametuma ujumbe kijijini kwamba nitafika Alhamisi. Basi nikajua itanibidi nitafute usafiri mwenyewe kwenye mwalo wa Katonga, boti za wavuvi zinakotia nanga.

Katonga

Nilifika Katonga asubuhi na mapema nikiwa nimevaa kile kizibao changu cha kaki chenye mifuko mingi, mnakijua, daftari mkononi, kalamu sikioni. Mwalo ulikuwa umejaa. Dagaa wameanikwa, wanawake wanapatana bei, wavuvi wanakunja nyavu. Nikamwendea wa kwanza, nikamwuliza kama kuna boti inayokwenda kusini. Akaniambia hapana, akabeba nyavu zake akaondoka. Nikamwendea wa pili. Naye vilevile. Ndani ya nusu saa hapakuwa na wavu hata mmoja ufukweni, na kila niliyemsalimia aliniitikia kwa heshima kubwa na kuniambia boti yake ni mbovu.

Alhamisi nzima niliimaliza juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikila mihogo ya kuchoma. Jioni nikarudi mjini. Ijumaa nikaja tena, na kizibao kilekile, maana mimi nami nikiamua ujinga siuachi nusu. Boti zikawa mbovu tena.

Saa nne hivi akatokea Bi Mwamini, amekuja kununua dagaa. Alinitazama, akautazama ufukwe ulivyo mtupu, akaanza kucheka hadi akashika mbavu. "Dada, wamekuona ni afisa wa uvuvi. Wanadhani umekuja kukamata nyavu za macho madogo."

Akawaita. "Huyu si wa nyavu, jamani. Ni wa ule moto wa chini ya ardhi."

Wakanipima kwa macho. Mzee mmoja mwenye boti akasema taratibu, "Afadhali angekuwa wa nyavu." Lakini alikubali kunichukua, na nyavu zikaanza kurudi moja moja.

Ziwani

Sitawaeleza sana habari za ziwa, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimeinamia ubavu wa boti nikirudisha mihogo ya Katonga. Lile ziwa mnaloliona kwenye picha limetulia, siku ile halikuwa limetulia. Mzee mwenye boti alinipa ndimu ninuse. Ilisaidia kwa muda mfupi tu.

Tulisimama kila kijiji. Kimoja tulishusha godoro, kingine tukapakia mbuzi, na kingine kulikuwa na msiba, na mzee akasema hawezi kupita mlango wa marehemu kwa injini kama mtu asiye na kwao. Tukashuka wote, tukakaa, tukapewa ugali na maharage, tukalala hapohapo kijijini. Nilikuwa nimechelewa siku mbili sasa, simu haina mtandao, na nilikuwa na hasira za kutosha watu wanne. Kumbe ucheleweshaji ule ndio ulionifumbua macho. Kama ningefika Alhamisi kama ilivyopangwa, ningeona nilichotakiwa kuona, ningeweka saini, na ningewaletea dagaa.

Kijijini

Jina la kijiji silitaji. Watu wa pale wana mazito ya kutosha.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Kutoka ufukweni unapanda mlima kweli, na mimi nilipumzika mara tatu. Nilipofika juu nilisikia vicheko, nikawakuta wanawake kama saba uwanjani, wanakamua. Wawili wanatwanga, wengine wanazungusha mashine ya mkono, mafuta mekundu yanachuruzika kwenye beseni. Pembeni pipa kubwa limejaa chikichi, linatokota. Walinipigia makofi ya salamu za Kiha, tukasalimiana mpaka nikafikiri hatutamaliza: mwakeye ya kuamkiana, watoto, nyumba, safari, huko utokako, na ng'ombe ambao mimi sina.

Michikichi ilianzia nyuma ya uwanja ikateremka bondeni. Kila mti ulikuwa na mkanda wa rangi nyekundu.

Mwenye nyumba alikuja akijifuta mikono kwa kitenge. Mama Nyabenda ana umri wa mama yangu, mfupi, mwembamba, anaongea taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Walisema unakuja Alhamisi. Nilikusubiri, nilikuwa nimefagia, bomba nimelijaza kabisa ukute liko tayari. Hata wale wahandisi wakija huwa nawatengenezea kabla. Leo umenikuta vibaya, ni siku ya kusoma na sijajaza."

"Jaza tu, mama. Mimi nahema kwanza."

Akachukua dumu lililokatwa juu, akaenda kwenye pipa. Akachota maji mekundu ya chikichi, yanafuka moshi. Nikadhani anapunguza maji ya pipa ili akayamwage. Akapita mbele yangu nayo, akaingia shambani, mimi nikamfuata kwa udadisi tu. Alifika kwenye bomba la chuma lenye namba nne, akafungua kifuniko, akainama, akamimina yote. Akarudi kuchota dumu la pili. Kisha akakaa kwenye kigoda, akasubiri kama alivyofundishwa, akashusha waya polepole, akasoma, akaandika kwa mwandiko mzuri wa kusimama.

Nikakaa chini juu ya makuti.

"Mama," nilisema, "hayo maji ni ya nini?"

"Ya bomba. Tuliambiwa kabla ya kusoma lazima bomba lijae. Na hili linavuja, kila wiki nalikuta kavu."

"Huwa unatumia haya?"

"Siku za chikichi, haya. Siku ambazo hatuchemshi nashuka ziwani. Lakini umeupanda ule mlima mwenyewe. Maji nitakayoyabeba kichwani mpaka hapa ni ya kunywa na ya kupikia. Nitayamiminaje ardhini, na haya yapo, tena yalikuwa ya kumwagwa?"

"Na huwa ya moto hivi?"

Alinitazama kwa huruma. "Yametoka jikoni, mwanangu."

Nikaomba daftari. Na hapa ndipo nilipopigwa mara ya pili, jamani, pigo baya kuliko la kwanza. Upande wa kushoto kulikuwa na tarehe, katikati namba za joto, na kulia safu iliyoandikwa "Maelezo." Wenzake katika vijiji vingine safu ile waliiacha tupu, nilikuwa nimeona nakala za baadhi yao mjini. Mama Nyabenda alikuwa ameijaza. "Leo tunakamua." "Leo hatukamui, nimeshuka ziwani." "Tunakamua, tumechelewa kwa ajili ya mvua." Wiki baada ya wiki, tangu mradi uanze. Kila palipoandikwa tunakamua, joto lilikuwa juu. Kila aliposhuka ziwani, joto lilikuwa sawa na la mabomba mengine yote. Ule mwamba wa Deo uliokuwa ukipumua ulikuwa ni msimu wa chikichi. Na mama alikuwa amewaambia, kwa maandishi, kila wiki.

Nilikaa na lile daftari mapajani. Mabomba, mafunzo, kompyuta, vikao, watu wazima na shahada zao, mimi nikiwemo. Wote tulikuwa tayari kuleta mitambo kuchimba pipa la mawese.

"Mama, unajua kwa nini miti yako imepakwa rangi?"

"Kwa sababu ya joto. Wamesema joto liko hapa."

"Na hilo joto limetoka wapi?"

Alilitazama bomba, akageuka akalitazama pipa kule uwanjani, moshi wake. Nikamwona anaelewa, na nikatamani nisiwe mimi niliyemwuliza. Alikaa kwenye kigoda tena.

"Basi miti nimeikata mwenyewe," alisema.

Siku tatu za maji ya ziwa

Habari ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji kabla sijanywa chai. Mzee Hamisi ni mtu mnene, mkarimu, aliyezoea kusikilizwa. Alikaa na sisi uwanjani, wanawake wakaacha kukamua wakasogea, na nilipomaliza kueleza alikohoa.

"Dada, hili ni jambo dogo. Mama Nyabenda amesoma vizuri miaka yote. Aendelee hivyohivyo, wewe ukaandike ulichokikuta."

"Nilichokikuta ni maji ya chikichi, mzee."

"Umekuta joto," alisema. "Kifaa kimesema joto."

Kisha akaniambia neno ambalo bado linaniuma. Alisema, bila hasira, "Hapa wake zetu wanajifungua kwa tochi ya simu. Umetuletea habari hii, ulitaka nifurahi?" Mwanamke mmoja kati ya wale saba, aliyekuwa ameshika mchi, alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye michikichi ndiye anayefaidika joto likikosekana, na kwamba maji ya kupoza bomba hayamshindi mtu kuyapata.

Mama Nyabenda alilisikia. Nilidhani atalia au atagomba. Aliinuka, akachukua dumu kubwa la njano, akaliweka miguuni pa mwenyekiti.

"Tupime kwa maji ya ziwa, siku tatu," alisema. "Mimi bomba siligusi. Maji yatabebwa na Mwenyekiti, na atayamimina Mwenyekiti, na waya atashusha yeye. Asije mtu akasema nimepoza."

Mzee Hamisi alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea, hakumwona. Akavua kofia.

Siku tatu, wenzangu, nilimwona mwenyekiti wa kijiji akipanda ule mlima na dumu kichwani, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza watu walipanga mstari kumtazama, na kulikuwa na utani usiofaa kuandikwa. Siku ya pili hakuna aliyecheka. Nilikula kwa Mama Nyabenda, nikalala kwake, nikaoga kwa nusu ndoo kwa sababu sasa nilijua uzito wake. Alinipikia dagaa wabichi kwa mawese na nyanya. Hakugusia michikichi hata mara moja, isipokuwa siku ya mwisho alipoukuna ule mkanda mwekundu kwa kucha, akaona hautoki, akaacha.

Asubuhi ya siku ya tatu Mzee Hamisi alishusha waya mbele ya watu wote. Alisoma kimoyomoyo. Akanipa kifaa nisome mimi. Ilikuwa namba ya mabomba mengine yote, tena chini kidogo. Alikung'uta mikono, akamwambia Mama Nyabenda, "Haya. Hapa hakuna kitu," akaondoka bila kuaga. Watu wakamfuata.

Tulibaki wawili. Mama akaniuliza, "Utaandika?"

"Nitaandika, mama."

"Usiandike 'msomaji wa kijiji.' Andika jina langu. Na andika kwamba niliambiwa lijae. Sikuambiwa maji gani."

Kurudi Kigoma

Boti ya kurudi ilipita siku iliyofuata, ziwa limetulia kama halijawahi kunitesa. Niliingia ofisini kwa Deo na daftari la Mama Nyabenda kwapani. Nikamfungulia ukurasa, nikaweka kidole kwenye safu ya kulia.

Alisoma. Akageuza ukurasa. Akarudi nyuma, akafungua ule mstari kwenye kompyuta, akalinganisha wiki kwa wiki mwenyewe. Nilikuja nimejiandaa kumpayukia, nilikuwa na maneno yangu tangu ziwani. Lakini sura yake ilivyobadilika, nikayaacha.

"Safu hii hatukuiingiza," alisema mwishowe. "Haikuwa na namba."

Alifunika uso kwa mikono miwili. Baadaye aliniuliza kama ninaweza walau kuandika kwamba vifaa vilifanya kazi. Nikamwambia hilo nitaliandika, kwa sababu ni kweli: vilipima sawasawa kabisa maji yaliyomiminwa ndani yake. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Niliandika ripoti yote katika siku mbili, katika chumba alichonipa Bi Mwamini kule Buzebazeba, naye akiniletea chai na kuniuliza kama nimekwisha kuzima moto. Niliandika kwamba namba nne haina joto, kwamba michikichi isikatwe, na kwamba kosa si la msomaji. Jina lake niliandika kamili. Nikaituma, nikapanda treni, na safari hii nilibeba chakula.

Dodoma

Sasa mmefika pale mnapopataka. Kama ripoti ilisomwa, kama miti imesalimika, na kama ndivyo, kwa nini niko hivi.

Ilisomwa. Barua ilikwenda kijijini upesi kuliko nilivyowahi kuona barua ya serikali ikienda. Mitambo haitakwenda. Nilifurahi, nikanunua hata nyama. Kisha juma lililopita nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Ilikuwa simu ya mwalimu wa kule, na aliyekuwa akiongea ni Mama Nyabenda, kapanda mlima hadi penye mtandao.

Tulisalimiana kirefu, kwa utaratibu wa kwao. Nikamwuliza habari za shamba.

"Miti ipo, mwanangu. Hawakukata hata mmoja. Nashukuru sana."

"Na mawese? Si ndio msimu?"

"Chikichi zimeiva. Ila watu wa kukamua hawaji. Wote saba wamehamia kwa jirani. Wanasema nimewazimia umeme. Hata nikipita njia ya ziwani wanainama kama wana kazi." Kisha akasema kama mtu anayeomba radhi, "Natwanga mwenyewe, kidogokidogo. Nyingi zinaozea chini. Nilitaka tu kukuuliza, kwenye ile karatasi yako uliwaambia watu wa huku kwamba si mimi?"

Nikamwambia nimeandika. Akasema, "Sawa, mwanangu. Labda hawajaisoma," na simu ikakatika.

Nilifungua nakala ya ripoti nimtafutie sentensi ya kumsomea akipiga tena. Nikaikuta fomu ya mwisho, ile tunayoijaza haraka tukiwa tumechoka, yenye safu inayouliza uamuzi huu utaleta madhara gani, na kwa nani, pale kijijini. Nilikula kwa yule mama siku tatu, nililala kwake, nilisikia kwa masikio yangu alivyonong'onwa uwanjani kwake mwenyewe. Na katika ile safu, kwa mwandiko wangu, nilikuwa nimeandika: "Hakuna."